Barua kwa mwanangu: Rudisha kwanza pesa za watu

Mwanangu Salim,

Assalaam alaikum. Sisi hatujambo, na sukari ya baba yako wiki hii imetulia kidogo, alhamdulillahi. Lakini sikuandikii kwa salamu. Shangazi yako Rehema alipita hapa Alhamisi na furaha zake, akaniambia amekutumia elfu sitini umfanyie foreksi, hiyo biashara ya kununua na kuuza sarafu za nchi kwa simu, na wala si yeye peke yake, yuko na mama wa duka la leso na yule kijana wa Kisauni uliyesoma naye. Nikamtilia chai, nikanyamaza. Nisingekuvunjia heshima mbele yake. Sasa tuko wawili nakuuliza: pesa za watu zinafanya nini kwenye akaunti yako?

Najua utasema mama haya ni mambo ya kisasa, huyajui. Mimi nilikuwa nikishinda kutwa nzima kwenye dirisha la duka la kubadilisha fedha, unajua, sina haja ya kukusimulia. Ukumbuke ule ubao wa pale mlangoni tu. Kila sarafu ilikuwa na bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Mtu akinunua dola kisha akazirudisha dakika ile ile, ameshapungukiwa, na hakuna aliyemwibia. Dalali wako wa kwenye simu, hiyo kampuni unayofanyia biashara, ana ubao huo huo, ila tofauti yake ni ndogo mno, imejificha kwenye tarakimu ya nne na ya tano baada ya nukta. Ukifungua na kufunga biashara mara kumi kwa siku, mara kumi umemlipa, umepata au umekosa.

Wewe umeniambia akaunti yako haina riba, haitozwi kitu biashara ikilala usiku. Sawa, nimefurahi umelifikiria hilo. Lakini hata hiyo akaunti isiyo na riba inaungua, yaani pesa zake zote zinakwisha, kama nyingine.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Elfu sitini za shangazi yako ni kama dola 460. Sheria ya Kenya inamruhusu dalali mwenye leseni akupe mkopo ushike biashara ya hadi mara 400 ya pesa zako, na wa ng'ambo wasio na leseni hapa wanatoa zaidi ya hapo wakiita zawadi. Kwa mara 400, dola 460 zinashika biashara ya dola 184,000. Bei ikigeuka dhidi yako kwa robo ya asilimia moja, dola 460 zimekwisha. Yuro na dola, siku ya kawaida isiyo na habari yoyote, husogea zaidi ya hapo. Wazungu wenyewe waliliona hili. Ulaya tangu 2018 mteja mdogo hapewi zaidi ya mara 30 kwa sarafu kubwa, na dalali analazimika kuandika kwenye tangazo lake wateja wangapi wanapoteza. Wasimamizi wa masoko wa nchi zao walipopekua akaunti za biashara za aina hii walikuta kati ya 74 na 89 katika kila 100 zinapoteza. Hao ni watu waliokuwa wakicheza na pesa zao wenyewe, Salim. Zao wenyewe.

Na usinitajie zile dola za baba yako. Ni kweli tulinunua Januari 2024, dola imevuka shilingi 160 na mji mzima unasema itafika 200. Serikali ikapata mkopo mpya mwezi wa Februari wa kulipia deni la Eurobond, lile la dola lililokopwa kwa wawekezaji wa nje, lililokuwa likiwatisha watu, na Aprili haijaingia dola iko chini ya 135. Mimi niliyekaa dirishani miaka yote hiyo nilikuwepo, na sikumzuia. Lakini zilikuwa zetu. Tulikula dagaa, tukanyamaza, hakuna aliyekuja kubisha hodi.

Daftari lako nimeliona ulipokuja Idi, uliliacha juu ya kabati. Kila biashara umeandika kwa nini umeingia, utatokea wapi, na ulivyojisikia. Hakuna aliyekufundisha hilo na nimejivunia, nikamwonyesha baba yako. Loti, yaani ukubwa wa biashara, 0.01; kila pipsi, yaani bei ikisogea moja kwenye tarakimu ya nne, ya yuro kwa dola senti 10 za Marekani, na hasara isiyozidi asilimia moja ya akaunti. Vizuri sana. Huyo ndiye mwanangu ninayemjua. Halafu nikageuza kurasa, nikaona tangu pesa za watu ziingie loti imekuwa 0.10. Kwa nini? Kwa sababu umewaahidi. Mtu aliyeahidi faida ya mwezi hawezi kukaa akangoja, ataingia hata siku asiyoona kitu. Na akipoteza nusu ya elfu sitini, elfu thelathini zilizobaki lazima azizidishe maradufu ndipo arudi alipokuwa. Hapo ndipo watu huongeza loti usiku wa manane.

Amri ya kukata hasara, ile inayofunga biashara yenyewe bei ikifika ulipopanga, weka kila mara, lakini usilale ukidhani ni ukuta. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuzuia faranga yake isipande dhidi ya yuro. Bei iliruka amri za watu bila kuzigusa, wateja wakaamka wakidaiwa, na dalali Alpari wa Uingereza akafilisika. Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani, saa tisa na nusu alasiri kwetu, au saa kumi na nusu wao wakirudisha saa zao, funga simu uende msikitini. Na huyo dalali, je, jina lake liko kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, wanaotoa leseni hapa Kenya? Toa pesa kidogo kwanza uone kama zinatoka na zinachukua siku ngapi. Hao wa Telegram wanaouza signali, yaani ushauri wa lini ununue na lini uuze, waache. Wangekuwa wanajua bei inakwenda wapi wasingekuuzia wewe kwa mia tano.

Jambo jingine ambalo shangazi yako halijui: kusimamia pesa za wengine kwenye foreksi hapa Kenya kuna leseni yake, tangu kanuni za 2017. Wewe huna. Zikipotea, hapo si hasara ya biashara tena.

Mkeo amenipigia kuhusu aiskrimu ya matunda, anasema mtoto amezoea ya dukani na meno yameanza kuharibika. Mwambie hivi, maana mtandao ulikatika katikati. Ndizi ziwe zimeiva hadi ganda lina madoadoa meusi. Zikiwa bado ngumu atataka sukari. Azimenye, azikate vipande vya unene wa kidole, azipange kwenye sinia zisigusane, zilale usiku kucha kwenye friza. Akizitia zote kwenye mkebe kwa pamoja zitashikana jiwe, atavunja visu vya blenda. Asubuhi asage kidogo kidogo. Mwanzo zitakuwa kama makombo ya mkate, atadhani zimeharibika, atataka kutia maji. Asitie! Azime, akwangue pembeni kwa kijiko, asage tena. Ghafla zitalainika zenyewe kama krimu. Embe achukue ngowe, zisizo na nyuzi, mafungu mawili ya embe kwa fungu moja la ndizi, maana embe peke yake hutoa chembe za barafu. Kijiko cha tui zito na matone ya ndimu, basi. Tikiti asihangaike nalo, ni maji matupu. Na akionja ikiwa baridi, asiongeze asali kwa sababu tu ulimi umekufa ganzi kwa baridi. Stima ikikatika ikayeyuka, wainywe kama sharubati siku ile ile, asiigandishe tena.

Baba yako naye aiskrimu hiyo nampimia kwa kikombe kidogo cha kahawa, hakuna zaidi. Matunda nayo yana sukari, ingawa yeye anabisha.

Fundi wa paa amekuja, anataka elfu nane ya mabati mawili. Usinitumie. Nasema usinitumie, Salim, maana sitajua umezitoa wapi. Kesho Jumamosi soko limefungwa, huna cha kufungua. Kaa uandike majina matatu na alichotoa kila mmoja, Jumatatu ufunge biashara, uanze na shangazi yako. Ikipungua, usiongeze loti kuziba pengo. Niambie mimi pengo ni kiasi gani, baba yako asijue kwanza.

Nipigie baada ya Isha, kabla sijalala. Na mkebe wangu wa samawati wenye kifuniko mliondoka nao Idi, utumeni kwa basi, msimu wa embe umeanza na sina pa kuzigandishia.

Mamako