Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ukarabati wa Kanisa la Kale Kuwa Nyumba ya Sanaa

Ndugu wanachama,

Anayepita nje ya ukuta wa kanisa letu anaweza kudhani mwaka huu kamati ililala. Jukwaa halijajengwa, taa za maonyesho hazijanunuliwa, na mlango mkuu bado umezibwa kwa mbao. Wengi mmeniuliza, kwa upole na wakati mwingine kwa ukali, michango yenu imekwenda wapi. Imekwenda kupambana na maji. Naomba niwaeleze kwa kirefu, kwa sababu naamini hapakuwa na kazi iliyostahili kutangulia zaidi ya hiyo.

Tulianza juu. Upande wa kaskazini vigae vilikuwa vimeporomoka siku nyingi, na kila mvua ilishukia kwenye ncha za kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, pale zinapokalia ukuta. Mbao zikidumu na unyevu unaozidi kama asilimia 20, kuvu wa kuozesha hupata makao. Makadirio ya kwanza tuliyoletewa yalitaka kenchi zote zitupwe na mahali pake paje chuma. Kamati ilikataa. Fundi seremala alizigonga moja moja kwa nyundo huku akitega sikio, akatoboa kila palipotoa mlio mtupu, akakuta kilichooza ni ncha peke yake. Akazikata, akaunga mbao mpya kwenye zile za kale, na sehemu kubwa ya kazi ya mafundi wa kwanza ikabaki mahali pake.

Mbao hizo mpya hatukuzipaka rangi ya kuzizeesha, na hilo limewaudhi baadhi yenu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaofuatwa na wahifadhi wa majengo katika nchi nyingi, unataka kinachoongezwa kipatane na jengo lakini kitambulike kuwa ni kipya, ili historia isighushiwe. Nakubaliana nao kabisa. Mkiinua macho mtaziona, nyeupe ubavuni mwa kahawia, na mtajua kizazi gani kilifanya nini.

Kuta ndizo zilizotutoa jasho. Kanisa lilijengwa kwa mawe na chokaa. Baadaye watu wema walioona nyufa walizijaza saruji. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, nchini Uingereza mwaka 1824, ilipoenea ilionekana kuwa dawa ya kila ufa. Kwa ukuta wa chokaa ni ugonjwa. Ukuta wa zamani hunyonya unyevu na kuupumua nje kupitia viungo vyake vya chokaa. Saruji haipitishi unyevu kwa urahisi, na mara nyingi ni ngumu kuliko jiwe inaloshika, hivyo maji hulazimika kutokea kwenye jiwe. Yakikauka huacha chumvi, na chumvi hiyo huubambua uso wa jiwe tabaka kwa tabaka. Nilikuwepo waashi walipong'oa saruji kwenye nguzo ya kuegemeza ukuta iliyo nyuma ya mnara. Saruji ilitoka nzima, kipande kirefu kisicho na doa. Jiwe lililokuwa nyuma yake lilimwagika mkononi mwa fundi kama unga.

Sasa viungo vyote vya upande huo vimerudishiwa chokaa na mchanga. Chokaa haina haraka. Hukomaa kwa kuvuta kaboni dayoksaidi iliyomo hewani, ikianzia nje kuelekea ndani, na ikikaushwa upesi na jua au upepo hupasuka na kupukutika. Ndiyo sababu mliona kuta zimevikwa magunia mabichi, na ndiyo sababu kazi ilisimama wakati wa jua kali huku watu wakisema mafundi wamekimbia. Hawakukimbia. Nawashukuru kwa uvumilivu wao, na hasa kwa kukubali vijana wetu wajifunze kazi hii mikononi mwao, maana waashi wanaoijua chokaa wamebaki wachache.

Hesabu zilizokaguliwa atazisoma mweka hazina, nami sitazirudia.

Lipo jambo lililoleta maneno mengi kwenye vikao: ni sanaa gani itakayoruhusiwa humo ndani. Kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inamruhusu askofu, pakiwa na sababu nzito, kuliondoa kanisa katika ibada na kuliacha kwa matumizi ya kawaida, mradi yasiwe ya aibu. Kanisa letu lilitoka ibadani kwa njia hiyo. Lakini wengi wetu tulibatizwa pale, na wengine tuliwaaga wazazi wetu mbele ya madhabahu ile. Msimamo wangu ni kwamba ngoma, tamthilia, maonyesho ya picha, mashairi na dansi vyote vina nafasi, na kwamba sehemu ya madhabahu isigeuzwe kaunta wala stoo. Mahali hapo pabaki wazi. Kamati inaleta pendekezo hilo mbele yenu leo, na ninawaomba mlipitishe.

Kuhusu sauti. Tulimwalika mshairi asome akiwa katikati ya jengo, na waliokaa nyuma hawakuambulia kitu, kwani kila neno lilikanyaga mkia wa lililotangulia. Mwishoni mwa karne ya 19 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliichunguza tabia hii kwa bomba la kinanda, saa ya kupimia muda, na mito ya viti aliyoihamisha kutoka ukumbi mwingine. Aligundua kwamba muda wa sauti kudumu chumbani hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi ambacho vilivyomo humeza sauti. Mazungumzo yanataka muda wa kama sekunde moja. Kwaya na kinanda hufurahia mbili au zaidi. Jengo letu lilikusudiwa kuimbiwa ndani yake, na lisinyang'anywe kipawa hicho. Kwa hiyo badala ya kubandika kuta kwa vifaa vya kumeza sauti, tutatundika mapazia mazito yanayosogezwa: yafunguliwe kwa kwaya, yafungwe kwa mshairi na kwa waigizaji.

Msimamo huo huo unahusu jukwaa litakapokuja. Maastricht, nchini Uholanzi, kanisa la Wadominiko la karne ya 13 limekuwa duka la vitabu tangu 2006, na rafu zake ndefu za chuma zimesimama zenyewe bila kuegemea kuta. Sisi pia kila tutakachoingiza kiwe cha kufunguliwa na kuondolewa bila kuacha kovu. Kwa wanaosema tumechelewa mno, nawakumbusha kanisa la St Luke's, Old Street, London: lilifungwa mwaka 1959, paa lake likaondolewa, kuta zikabaki wazi kwa mvua miongo minne, na mwaka 2003 likafunguliwa kuwa makao ya mazoezi na maonyesho ya okestra.

Mwaka ujao tunaendelea na kuta za kusini, halafu madirisha. Kabla ya hapo nahitaji majina. Mifereji ya paa tuliyoifunga isiposafishwa, majani na viota vitaiziba, maji yatarudi kwenye ncha za kenchi, na tutalipa mara mbili. Katibu ana orodha ya zamu mezani kwake, watu wawili wawili kwa kila mwezi. Ngazi na kamba za usalama zipo. Jina langu ni la kwanza. Naomba kila atakayetoka ukumbini apite mezani kwa katibu.