Flashi haimsubiri mtu: barua kwa vijana wa kwaya yetu

Machame, Moshi

Wajukuu zangu, vijana wa kwaya,

Marahaba. Najua mngeniamkia kwanza, kwa hiyo naitikia kabisa tuingie kwenye habari.

Jumapili iliyopita katibu wenu alisoma maamuzi ya kikao baada ya ibada. Nilikuwa benchi la nyuma karibu na mlango, nikasikia yote. Mnanunua spika mbili kubwa na mikisa. Nyimbo za ibada na za misiba sasa zitaimbwa kwa flashi, kinanda kikiwa kimesharekodiwa studio mjini. Na zile ziara za Jumamosi za kuwaimbia wazee majumbani zimesimamishwa “kwa muda”, mpate nafasi ya kushuti video. Spika nunueni. Video pigeni, maana sare mpya zimewapendeza, hata mimi nimesema. Hayo mawili mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute miwani na kalamu.

Wengi wenu mnamjua Meku, mume wangu, kama babu wa pale barazani, mwenye blanketi magotini. Hamkumjua akiwa besi. Aliimba sauti ya nne karibu miaka 40, na ukikaa mbele yake kwenye mazoezi ulikuwa unaisikia kwenye ubao wa benchi kabla hujaisikia masikioni. Miaka minne iliyopita kiharusi kilimpiga. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakamwishia. Yakabaki mawili tu: “hapana”, na jina la ng'ombe wetu aliyekufa zamani. Akitaka chai, hapana. Akitaka kwenda msalani, hapana. Akifurahi, jina la ng'ombe.

Asubuhi moja binti anayenisaidia kazi akanijia mbio jikoni. “Bibi, Babu anaumwa, ananguruma.” Nikaenda na mwiko mkononi. Kweli alikuwa ananguruma: noti moja ya chini, anaishikilia, anashuka kidogo, anarudi palepale. Ninyi mnajua besi ikiwa peke yake haifanani na wimbo wowote. Ni kama mtu anasogeza kabati chumba cha pili. Binti ameshashika dawa ya maumivu. Nikamwambia ngoja kwanza. Nilisikiliza mistari miwili nzima ndipo nikaitambua: ilikuwa besi ya wimbo wa Pasaka, wala hakukosea hata noti. Basi mimi, niliyeimba sauti ya pili maisha yangu yote, nikaingia na sauti ya kwanza juu yake, kwa kukwaruza hivyohivyo. Akanitazama. Kwenye mstari wa tatu maneno yakatoka, yamenyooka, silabi kwa silabi, kwa mtu ambaye dakika tano nyuma hakuweza kuomba maji.

Si muujiza, ingawa siku ile nililia kama ni muujiza. Kwa watu wengi lugha imekaa zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na ndio upande ulioumia kwa Meku. Kuimba kunatumia pande zote mbili, kwa hiyo njia ya maneno ikizibwa, njia ya wimbo inaweza kubaki wazi. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, waliifanya kuwa tiba: mgonjwa anafundishwa sentensi fupi kwa kuiimba, mkono wake wa kushoto ukigongwa taratibu kwa kila silabi, halafu tuni inapunguzwa kidogokidogo mpaka yabaki maneno. Haifanyi kazi kwa kila mtu. Mimi niliifanyia jikoni kwangu kwa miezi, na-o-mba cha-i, kwa noti za solfa s s m s m, nikigonga mkono wake juu ya meza. Leo anaomba chai. Anaiomba nusu kwa kuimba, wageni wanacheka, na yeye anacheka nao.

Sasa sikilizeni hili. Mwezi wa nane mmoja wenu, mtoto mwenye moyo mzuri sana, alikuja na spika ndogo akampigia wimbo uleule wa Pasaka kutoka kwenye simu. Meku akafungua mdomo, akatafuta pa kuingilia. Alipopapata, wimbo ulikuwa umeshafika kwenye kiitikio. Akajaribu tena ubeti wa pili, ukampita. Akafunga mdomo, akageukia ukuta. Nikiimba naye mimi huwa namtazama midomo. Akikwama kwenye neno, nasimama juu ya noti yangu namngoja, hata pumzi iniishie. Flashi haimsubiri mtu. Ndicho ninachowaandikia, mengine yote humu ni kuzunguka mlemle.

Kungoja huko sikukujua kwa Meku. Nilikufundishwa wodini, tena kwa aibu. Mnajua nilikuwa mkunga. Baadhi yenu ni mimi niliyewadaka. Hospitali siitaji. Miaka ya mwanzo nilikuwa mkali, wakunga huwa wapole kwenye picha tu. Kulikuwa na msichana wa mlimani, amejifungua mtoto njiti, anamwimbia kwa Kichagga wimbo wa bibi yake, sauti ya chini tu. Nikamwambia, “Wewe, hapa si kilabuni.” Akanyamaza. Alikaa siku tisa wodini bila kuimba tena, akimtazama mtoto wake kama ameazimwa. Nilikuja kuelewa nilichofanya miaka mingi baadaye, tulipoanza kuwaweka njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ile ya kangaruu. Pale akina mama walikuwa wanaimba bila kuambiwa, na safari hii nilikaa nikatazama. Mtoto mchanga ananyonya kwa mafungu: anavuta, anavuta, anaachia apumue. Akiachia, mama naye anakata wimbo katikati ya neno, anamngoja. Akishika tena, wimbo unaendelea. Hakuna aliyewafundisha.

Mwaka 2013 Joanne Loewy na wenzake huko Marekani walitoa utafiti wa watoto njiti 272 katika wodi 11. Waliwaimbia wimbo waliouchagua wazazi, ukaimbwa na mtu aliye hapo akifuata pumzi ya mtoto, na waliona mapigo ya moyo yakitulia, na kunyonya na kulala kukibadilika. Wimbo wa nyumbani, wa mdomo wa mtu. Yule msichana alikuwa anajua, na mimi mwenye vyeti nikamnyamazisha.

Tena hata kabla hajazaliwa mtoto anasikia. Miezi mitatu ya mwisho tumboni masikio yanafanya kazi. Maneno hayamfiki vizuri kwa sababu ya maji, lakini mwendo wa sauti ya mama unafika, kupanda na kushuka kwake. Mwaka 2009 walirekodi vilio vya watoto wachanga 60, nusu wa Kifaransa, nusu wa Kijerumani, wenye siku chache tu duniani. Wale wa Kifaransa walielekea kulia sauti ikipanda, wa Kijerumani ikishuka, kama wazazi wao wanavyoongea. Mtoto anatoka na lahaja yake tayari. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, nikakumbuka vilio vyote nilivyowahi kuvisikia saa tisa usiku bila kuvitilia maanani. Kwa hiyo ninyi dada wawili wenye wachanga, mnaoogopa kuja mazoezini kwa sababu mtoto “atasumbua”: njooni.

Ila msikae karibu na hizo spika. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Ikipanda desibeli 3 tu, muda salama unakatika nusu. Zile tulizokodi siku ya mavuno zilikuwa zinatikisa vioo vya madirisha, na kuna mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake mita mbili mbele ya spika. Kwenye daladala siwezi kumwamuru konda. Kanisani naweza.

Mtasema mambo ya wazee na wachanga ni ya wazee na wachanga. Basi tuje kwenye msiba wa mwezi wa nne, kule chini ya barabara. Mnaukumbuka, mlikuwepo. Masika, njia ya kihambani ni utelezi mtupu. Jeneza likatoka mlangoni, flashi ikaanza, mkaimba vizuri, nakiri. Wabebaji walipofika kwenye mfereji wakakwama, mmoja kiatu kikabaki kwenye tope. Wimbo ukaisha. Kabla kijana wa mikisa hajafika, flashi ikarukia wimbo unaofuata, na unaofuata ulikuwa wa kumtoa bi harusi. Nusu ya waombolezaji waliinama kama wameangusha sindano. Na ninyi, wajukuu zangu, watu 22 wenye koo nzima, mlisimama mnatazama mashine.

Zamani mama mmoja alikuwa anaanzisha, popote alipo, hata nyuma kabisa kwenye migomba. Kilio kikimkaba, jirani anaudaka wimbo pale ulipokatika. Wabebaji wakikwama tunarudia kiitikio mara nane, mara kumi, mpaka wavuke, na kaburi lisipokuwa tayari tunapunguza mwendo. Hatukuwa hodari kuliko ninyi. Sauti ya tatu ilikuwa inapotea kila mara, ndiyo hulka ya sauti ya tatu. Hata wapiga tarumbeta wetu wa harusi wanalijua hili: wakiwa juu ya pikapu na bi harusi bado yuko saluni, wanazungusha wimbo uleule mpaka atoke, na anapotoka wanauchangamsha. Hamjawahi kuwaona wakimwacha nyuma.

Mmoja wenu alisema kwenye kikao kwamba solfa, kuandika noti kwa herufi, imepitwa na wakati. Sikusema kitu, nasema sasa. Tuni ya wimbo wetu wa taifa aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, mwalimu wa shule na wa kwaya huko Afrika Kusini, akaiandika kwa hizohizo d, r, m zinazowachosha ubaoni. Alifariki 1905. Wimbo ulipanda huku kwa daftari na kwa midomo, mpaka Desemba 1961, mwezi ule Mwenge ulipowashwa juu pale Kibo, mimi msichana wa miaka 11 nikauimba uwanjani kwa Kiswahili, miguu peku, baridi imetushika. Ukijua solfa, karatasi moja inatosha watu 30, umeme uwepo usiwepo.

Msifikiri nachukia muziki wenu. Baba alikuwa na redio ya betri, na tulicheza dansi kwa siri nyuma ya ghala la kahawa, mimi na dada zangu, mmoja amesimama mlinzi. Nyimbo zile ninazo zote mpaka leo, wakati ya jana nimeyasahau. Wanaochunguza kumbukumbu wamegundua hivyo: zinazong'ang'ania hadi uzeeni ni zile ulizozishika takriban kati ya miaka 10 na 30, na mara nyingi hubaki hata kwa mzee aliyesahau majina ya wanawe. Umri huo mmo ndani sasa hivi. Kuna mjukuu wa mtu atakayekaa kitandani kwenu mkishazeeka, akihangaika kuwaimbia singeli polepole. Namwonea huruma. Lakini muwe na kitu cha kumpa ambacho kinaweza kuimbwa na mtu mmoja aliyeketi kitandani.

Ninachoomba ni hiki. Misibani flashi isiguswe kabisa. Kila mwezi mshike wimbo mmoja kichwani, sauti zote nne, bila karatasi wala kinanda. Na ziara za Jumamosi zirudi, hata mkija wanne tu. Anzieni kwa bibi wa kule juu kwenye mti wa mwembe, maana kwake hakuna mtu kabisa, na sikio lake la upande wa kushoto ndilo zima.

Kwetu milango iko wazi kuanzia saa nne asubuhi. Meku akirudia ubeti wa kwanza mara tatu msimsahihishe, rudieni naye. Akikwama, simameni kwenye noti. Chai ipo na ndizi zitakuwepo. Ila jamani mje na sauti ya tatu, angalau vijana wawili, kwa sababu mimi na binti tunajikongoja na mbili za juu na yeye ana ya nne, na kila tukifika kwenye kiitikio Meku anageuza kichwa kutazama mlangoni, anaitafuta.

Bibi yenu,
sauti ya pili