Kabla ya kuuliza wati, tazama umbo na plagi za pawa saplai

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaonunua pawa saplai za kompyuta za mezani, yaani kile kifaa ndani ya kasha kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo za kompyuta, na zaidi niseme na wanaowauzia. Mteja akifika dukani swali lake huwa moja tu: "Ina wati ngapi?" Anatajiwa 500 au 600, fedha inatoka, na kesho yake kifaa kinarudishwa kwa sababu hakiingii kwenye kasha, au kimeingia lakini plagi zake hazina pa kuchomekwa. Mbaya zaidi ni pale kinaporudi pamoja na ubao mama, ule mkuu unaounganisha sehemu zote, ukiwa umeungua.

Kwetu jambo hili lina uzito wake, maana kompyuta nyingi za maofisini na mashuleni ni za mtumba, zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani. Hizo hazipokei kila pawa saplai. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8 kwenye ubao mama, na nyingine ya pini 4 ya prosesa, ile chipu inayoendesha kazi zote. HP EliteDesk 800 G1 ina plagi kuu ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida ya dukani, aina ya ATX, ina plagi kuu ya pini 24. Upo waya wa kugeuza pini 24 kuwa 8, na upo wa kuwa 6, lakini uwe umetengenezwa kwa modeli yako hasa. Anayeona pini 8 za prosesa na kuzilazimisha kwenye pini 8 za Dell eti kwa kuwa idadi ni ileile, anaua ubao.

Umbo nalo lipimwe kwa rula kabla ya kutoka nyumbani. ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na urefu wake huanzia 140. SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100. TFX, ile nyembamba ndefu, ni 85 kwa 65 kwa 175. Makasha madogo ya Dell na HP mara nyingi yana umbo lao wenyewe ambalo halimo katika haya matatu; hapo tafuta namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye lebo ya ile ya zamani, ununue inayolingana nayo.

Sasa wati. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi haitoshi kukuambia kitu. Geuza kifaa, soma lebo, tafuta safu ya +12V, kisha zidisha ampea zake kwa 12. Zipo zinazouzwa kama za wati 500 ilhali lebo inaonyesha ampea 16 kwenye volti 12, yaani wati 192. Wati zilizobaki zinahesabiwa kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya leo inazihitaji kidogo sana, au hazipo kabisa. Prosesa na kadi ya grafiksi, ile ya kuchora picha na michezo, zote hula kutoka volti 12. Chukua mfano wa prosesa ya Core i5-12400F, inayoweza kufika wati 117, pamoja na kadi ya RTX 3060 yenye wati 170. Ongeza kama wati 60 za ubao, diski na feni: jumla 347, karibu ampea 29. Kadi huruka juu ya kiwango chake kwa sekunde chache, kwa hiyo nunua yenye ampea 45 hivi, ambayo ndiyo 550 ya kweli. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi inatosheka na wati 300 za kweli; kuongeza zaidi ni kutupa fedha.

Plagi ya prosesa hugawanyika 4+4, na ya kadi hugawanyika 6+2. Waya za njano (za volti 12) na nyeusi (za kurudisha umeme) zimepangwa kinyume, kwa hiyo moja haiwi badala ya nyingine. Na kama pawa saplai yako waya zake zinachomoka, usibakize za zamani ukabadilisha pawa saplai yenyewe tu. Upande unaochomekwa kwenye pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Volti 12 zikipita palipotakiwa 5, diski inakufa na kila kilichomo.

Mashine iliyotoka Marekani ikaguliwe nyuma kabla ya kuchomekwa. Ikiwa ina swichi nyekundu ya 115/230 na imeachwa kwenye 115, umeme wetu wa volti 230 utaipasua papo hapo. Iliyoandikwa 100–240V haina shida.

Kwa mafundi wenzangu: kuunganisha waya wa kijani na mweusi wa plagi kuu hadi feni izunguke hakuthibitishi uzima wa kifaa. Kunaonyesha kwamba kimeamka tu. Kipimo ni kuiendesha kompyuta kwa kazi nzito nusu saa huku multimita, yaani kipima volti, ikiwa kwenye waya wa njano. Ikishuka chini ya volti 11.4 au kupanda juu ya 12.6, hiyo haifai kumpa mteja. Wala usiifungue kuitengeneza bila ujuzi wa kazi hiyo. Kapasita zake, zile sehemu zinazohifadhi umeme, hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa.

Wenye maduka, ninawaomba mruhusu mteja afungue boksi na kusoma lebo kabla ya kulipa. Na ile isiyoandikwa ampea za volti 12 msiiagize.

Fundi wa kompyuta,
Dar es Salaam