Kisukari cha mtoto mchanga kipimwe jeni

Mhariri,

Mtoto anayegunduliwa kuwa na kisukari kabla ya kutimiza miezi 6 huanzishiwa insulini mara moja, na ni sawa, kwa kuwa sukari iliyopanda haingoji. Lakini katika umri huo ugonjwa karibu kila mara hutokana na hitilafu ya jeni moja, wala si kisukari cha aina ya kwanza tulichokizoea. Tangu mwaka 2004 inajulikana kwamba baadhi ya watoto hao wana kasoro katika jeni ya KCNJ11, na wengi wao huweza kuachana na sindano wakatumia vidonge vya salfonailurea, dawa ya kisukari ya zamani kabisa. Naomba madaktari waagize kipimo cha jeni kwa watoto hawa bila kusubiri mzazi aulize.

Msomaji wako