Risala ya Wakulima wa Mwani wa Jambiani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Banda la Kuanikia Mwani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya ya Kusini,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali,
Masheha wetu,
Wawekezaji na mameneja wa hoteli mlioitikia mwaliko wetu,
Wazee wetu, mama zetu, vijana na wanafunzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kutoka mjini mpaka huku Jambiani kwa ajili ya banda la wanawake wa mwani. Waliotupa mabati na saruji tunawaombea kheri. Makuti ya pembeni tumeyasuka wenyewe kwa zamu za jioni, na fedha za fundi zimetoka kwenye mfuko wetu wa kuweka na kukopa.

Mheshimiwa, siku ya leo tumeichagua kwa kuwa ni maji mafu, bahari hairudi mbali. Ungekuja siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, usingetukuta hapa chini ya turubai. Ungetukuta kule, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, tunafunga mbegu na kuvuna. Sasa hivi ukitazama nyuma ya jukwaa hili unaona maji matupu ya buluu mpaka kwenye mwamba, na ngalawa mbili tatu. Hivyo ndivyo wanavyoyaona wengi wanaokuja kuipima pwani hii. Husimama juu ya mchanga, wakatazama, wakasema pana nafasi nzuri, hapana mtu.

Watu tupo. Chini ya maji hayo mna mashamba. Bamvua likifika, kiasi cha saa nne asubuhi bahari inakuwa imerudi mbali, na hapo ndipo zinapoonekana kamba zetu, mambo zetu, yaani vijiti vya kufungia kamba, zilizopigwa mstari kwa mstari, na vijia tunavyopita baina ya shamba la huyu na la yule. Kila mmoja anajua lake linaanzia jiwe gani. Wengine wameyapokea kwa mama zao. Hati hatuna hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kutupa hati ya bahari, na hatukuwahi kuona haja ya kuidai mpaka miaka hii.

Kilimo hiki kilianza hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Paje mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wanaume wengi waliona ni kazi isiyo na mbele, mama zetu wakaingia. Kwa wengi wao hizo ndizo zilikuwa fedha za mwanzo kuzishika kwa mikono yao bila ya kumwomba mtu. Mimi ninayesoma risala hii sare yangu ya skuli ilinunuliwa kwa mwani. Nyumba kadhaa za mawe utakazozipita ukirudi zilianza hivyo hivyo, tofali moja kila mavuno. Leo Zanzibar inaongoza Afrika kwa zao hili, na wanaolilima ni zaidi ya watu 20,000, wengi wao wanawake.

Hatusemi haya ili kuukataa utalii. Tunaomba jambo hili lieleweke vizuri, maana kila tukifungua mdomo tunaambiwa hatutaki maendeleo. Barabara ya lami tunaipita. Vijana wetu wenye ngalawa wanapeleka wageni mwambani na wanarudi na riziki. Sabuni zetu za mwani wanunuzi wake wakubwa ni wageni. Na wapo miongoni mwetu, Mheshimiwa, waliouza viwanja vya mbele kwa hiari yao, wakajenga nyuma ya barabara; hao ni ndugu zetu na hatuwalaumu, shida inajulikana. Lakini mwaka 2024 wageni walioingia Zanzibar walipita laki saba, na kila anayekuja anataka alale mahali anapoiona bahari. Bahari yenyewe haijaongezeka. Ufukwe wa Jambiani ni ule ule waliotuachia wazee.

Banda hili ulilolizindua limejengwa kwa sababu tumekosa pa kuanika. Zamani mwani ulianikwa juu ya mchanga, kwenye makuti, mbele ya nyumba zetu. Mbele ya nyumba zetu sasa pana vitanda vya kuotea jua. Tumeambiwa mwani unanuka, unawaudhi wageni. Mwaka juzi mwenzetu aliamka akakuta mapolo yake mawili ya mwani mkavu yamesogezwa kando na kuachwa kwenye mvua. Hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyeyasogeza. Ule ulikuwa mwani wa wiki sita.

Njia nazo zinafungwa. Wazee wetu walipojenga waliacha vichochoro vya kushukia pwani, na kila mtaa ulikuwa na chake. Kimoja tulichokitumia miaka yote sasa kina ukuta pande mbili na geti mbele, na penye geti pana mlinzi anayetuuliza tunakwenda wapi. Mlinzi ni kijana wa watu, anafanya kazi aliyopewa. Ila mama wa miaka zaidi ya sitini aliyejitwika polo la mwani mbichi, linalomchuruzikia maji ya chumvi mgongoni, akiambiwa azunguke, kule kuzunguka ni karibu nusu saa. Tumehesabu hatua. Tunajua ipo kanuni kwamba jengo likae mita 30 kutoka maji yanapofika yakijaa. Tunaomba mtu wa Serikali aje na kamba yake ya kupimia, siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, aanze upande wa Paje aje kuishia kwetu.

Kuhusu ardhi tutasema kidogo tu, kwa kuwa ni jambo kubwa kuliko kikundi chetu. Tunajua kwamba ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, na sheria ya mwaka 1992 imeliweka hilo wazi. Kwa hiyo mtu akihamishwa, anachohesabiwa ni nyumba na miti yake. Mnazi una bei. Mahali alipozaliwa mtu pasipokuwa na mnazi hapana bei. Na shamba la mwani, ambalo halina nyumba wala mti, linahesabiwa kwa kitu gani? Swali hili tumeliuliza katika vikao vitatu na hatujapata jawabu. Leo tunaliweka mbele yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika yote yaliyotukuta, linaloumiza zaidi ni la wale wageni wanaokokotwa na tiara, yaani kaiti, juu ya maji. Mchezo huo ulitia mizizi Paje, kwa sababu kuna upepo wa kutosha wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na maji ya ndani ya mwamba yametulia. Ndiyo sababu hizo hizo zilizoufanya mwani ukubali hapa. Basi tunagombea maji yale yale kwa sababu zile zile. Mgeni akianguka kwenye mambo zetu anajiumiza, na sisi hatupendi mtu aumie. Nyuzi zetu za mwani zikikatika, mwani unakwenda na maji, na mwenye shamba anarudi nyumbani na kamba tupu. Tumeshaona mashamba ya wenzetu wa Paje yakipungua mwaka hata mwaka, mpaka baadhi yao wakaiacha kazi. Hawakufukuzwa kwa barua. Walichoka tu kufunga upya kamba zinazokatwa.

Tunajua tutaambiwa tusogee maji makubwa. Hata wataalamu wa mwani wanasema hivyo, na wana hoja ya kweli: maji ya pembeni yamekuwa ya moto siku hizi, na ule mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, unakufa kabla ya kukomaa. Uliobaki hapa karibu ni spinosamu wa bei ya chini. Lakini kulima maji makubwa kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wetu vyote viwili hatuna, si chombo wala huko kuogelea. Hatujafunzwa. Na maji makubwa nako kuna boti za kupeleka watalii. Kwa hiyo tunapoambiwa tusogee, tunaomba tuoneshwe kwanza mahali penyewe, na tupewe hakika kwamba miaka mitano baadaye hatutaambiwa tena tusogee.

Maji ya kunywa. Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti iliyotutaja kwa jina, Jambiani, pamoja na Kiwengwa na Nungwi. Walikuta nyumba ya mwenyeji inatumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja katika nyumba ya wageni ya kawaida, lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, lita 3,195. Tulipotafsiriwa ripoti ile wazee waliomba hesabu irejewe, walidhani msomaji amekosea. Tangu hapo hoteli zimeongezeka. Visima vyetu vya karibu na pwani vimeingia chumvi kiasi kwamba chai ukiipika unaijua kwa ladha, na tunanunua maji kwa dumu huku tukisikia pampu ya jirani ikivuma usiku kucha. Hatudai hoteli zikose maji. Tunadai anayechimba kisima kirefu apimwe anavuta kiasi gani, na kipimo hicho kibandikwe kwenye ofisi ya sheha tukisome.

Ajira tutaipitia haraka, kwani vijana wenyewe wana risala yao. Watoto wetu wanapata kazi za ulinzi, za bustani na za kutandika vitanda. Za mapokezi, za jikoni na za hesabu wanakuja kuzifanya watu kutoka mbali. Hatuwachukii waliokuja, nao wanatafuta. Mafunzo ya utalii yapo mjini, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku haiwezekani kwa mtoto wa mkulima. Tunaomba yaletwe huku, hata kama ni katika madarasa ya skuli yetu nyakati za jioni.

Lipo na dogo ambalo mama zetu walinisisitizia nisiliache. Tukiwa shambani, nguo zimetukwama mwilini kwa maji, tunapigwa picha. Siku hizi inakuja na ile ndege ndogo ya kamera, inasimama juu ya vichwa vyetu. Hakuna anayetuuliza. Picha zinakwenda dunia nzima na sisi hatujui zimeandikiwa nini. Mameneja mliopo hapa, waambieni wageni wenu waje watusalimie kwanza. Tutawajibu, na tukiwa radhi tutawaambia wapige.

Mheshimiwa, tunayoyaomba tumeyaandika kwenye karatasi utakayokabidhiwa, nami nitayataja yale mazito. Kubwa kuliko yote tunaomba mashamba ya mwani ya Jambiani yapimwe na yachorwe kwenye ramani ya Serikali kama yanavyochorwa mashamba ya nchi kavu, kila mkulima na namba yake, ili mwekezaji anapofunguliwa ramani asione rangi ya buluu tupu. Tunaomba vichochoro vyote vya kushukia pwani viwekewe alama na visifungwe na mtu yeyote. Tunaomba kitengwe kipande cha maji kwa tiara na kipande kwa mwani, na mpaka uwekwe kwa maboya. Sisi tuko tayari kukaa na wenye biashara hiyo hata kesho. Na kabla kibali chochote cha kujenga mbele ya bahari hakijatiwa saini, tuitwe tusomewe kwa Kiswahili. Kuitwa kwenye sherehe ya kuweka jiwe la msingi na kupewa kanga si kuulizwa.

Serikali yetu inahubiri Utalii kwa Wote na Uchumi wa Buluu. Maneno hayo tumeyapokea kwa moyo mmoja. Sisi ndio tuliokuwa tukifanya uchumi huo tangu haujapewa jina.

Mwisho, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakualika urudi bamvua lijalo. Hutohitaji jukwaa wala turubai, na hatutakusomea risala. Njoo saa nne asubuhi na viatu vya plastiki, kwa sababu chini kuna vitu vinavyochoma. Tutakutembeza kutoka jiwe la kwanza la mashamba mpaka la mwisho, kila mwenye shamba atasimama kwenye lake, na afisa wako wa ramani tunaomba uje naye.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi
Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja