TV yako bado haijafa

Shabani rafiki yangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Maelezo yako nimeyapata: TV ya inchi 32 inawaka, sauti inatoka, rimoti inaitika, lakini kioo ni cheusi tii. Tafadhali usiiuze kama chuma chakavu. Hizo ni dalili za taa zilizo nyuma ya kioo, na taa zinabadilishika.

Hakikisha kwanza kabla hujafungua hata skrubu moja. Usiku, zima taa ya chumba, washa TV, kisha sogeza tochi ya simu karibu kabisa na kioo, ukiimulika kiubavuubavu. Ukiona watu wakipita kama vivuli, kioo ni kizima na bodi kuu ni nzima, mwanga tu ndio haupo. Usipoona chochote, usinunue taa. Bodi ipimwe kwanza.

Ndani mna mikanda ya taa za LED, kwa inchi 32 mara nyingi 2 au 3, na taa zake zimefuatana kama shanga kwenye uzi mmoja. Ikikatika moja, umeme hauna pa kupita. Fundi mwenye haraka atakuambia abadilishe hiyo moja iliyoungua. Mkatalie. Zilizobaki zina umri uleule na zimekula joto lilelile, kwa hiyo utafungua TV tena muda si mrefu. Nunua seti nzima, na ulinganishe namba iliyochapwa kwenye mkanda, urefu, idadi ya taa, na volti, maana zipo taa za volti 3 na za volti 6.

Hapa naomba unisikilize sana. Ukichomoa waya ukutani, kapasita kubwa ya bodi ya umeme (kile kifaa kama kopo dogo kinachohifadhi umeme) inaweza kubaki na chaji. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa, yaani ukigeuzwa kuwa DC, hukaa pale kama volti 325, na huo unaua. Shika kwa koleo ya mpini wa mpira rezista (kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kiloomu 2.2, wati 5, uigusishe kwenye miguu miwili ya kapasita kwa sekunde chache, halafu upime kwa mita. Isiposoma karibu na sifuri, rudia. Ukiwa hapo angalia na kapasita ndogo: yoyote iliyovimba kichwa ibadilishe kwa maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, ya nyuzi joto 105, na upande wa hasi usiukosee.

Kioo kiinuliwe na watu wawili. Kwenye ukingo wake kuna riboni nyembamba kama karatasi ya sigara. Ikichanika moja, unabaki na mistari ya wima isiyotibika. Chini ya kioo utakuta karatasi za plastiki zinazotawanya mwanga. Zipige picha kabla ya kuzitoa, maana mpangilio wake lazima urudi vilevile, na alama ya kidole itaonekana milele. Kila taa ina kikofia cha plastiki, kidogo kama kifungo cha shati. Kikidondoka, kioo kitaonyesha doa jeupe kali mahali pake. Futa bati kwa spiriti kabla ya kubandika mkanda mpya, kwa sababu bati ndilo linalopokea joto la taa.

Ikishawaka, ingia kwenye menyu, sehemu ya Backlight, uishushe hadi 60 hivi. Mwanga uliowekwa mwisho kabisa ndio unaozipika taa hizi. Sebuleni hutaona upungufu wowote wa maana.

Sasa sauti. Spika za TV bapa ni nyembamba na zinatazama chini, ndiyo maana mtangazaji anasikika kama yuko ndani ya debe. Sabufa uliyonayo inatosha. Chomeka waya mwekundu na mweupe kutoka kwenye king'amuzi moja kwa moja hadi kwenye sabufa, na TV uiweke sauti sifuri. Ukitaka na sinema za flashi zipite humo, tumia tundu la hedifoni la TV. Weka sauti ya TV kwenye 70 au 80, kisha ongeza na punguza kwa sabufa. Ukiiweka chini sana utasikia mvumo wa shshsh.

Kukiwa na mngurumo wa chini usiokoma, chomeka TV, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja, na waya wa sauti uwe mbali na nyaya za umeme. Sabufa yenyewe usiisukumie kwenye kona. Besi itafunika maneno. Spika ndogo ziwe usawa wa masikio, moja kila upande.

Kitu kimoja usimruhusu fundi: kukata waya za spika za ndani na kuziunganisha na sabufa. Katika TV nyingi za aina hii, waya hasi wa spika si ardhi, yaani haujaunganishwa na hasi ya pamoja ya saketi; ukiugusisha na ardhi, chipu ya sauti inaungua papo hapo.

Kioo kikipasuka wakati wa kazi, hapo ndipo pa kununua nyingine, kwa kuwa kioo kipya hukaribia bei ya TV nzima. Chagua yenye DVB-T2 ndani, yaani inayopokea chaneli za kidijitali za antena yenyewe, na tundu la HDMI lililoandikwa ARC, linaloweza kutoa sauti ya TV kwenda kwenye spika za nje.

Ukifungua, nipigie picha ya namba ya mkanda unitumie kabla hujalipa dukani.

Wako,
Rajabu