Kumbukumbu za viota vya kasa zibaki kwa wanaovilinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililotufika sisi wa mwambao wa Pangani, mkoani Tanga. Naamini linawagusa pia wengine wanaoishi jirani na bahari au msitu.

Wiki tatu zilizopita tuliitwa kwenye kikao cha kijiji. Vijana wawili wa mradi mmoja walifungua boksi la simu janja mpya, wakatuambia kuanzia msimu huu sisi tunaolinda viota vya kasa tuachane na karatasi. Kiota kikionekana kipigwe picha, simu yenyewe itaandika mahali kilipo, na taarifa itaruka papo hapo. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, maana kuandika gizani huku mvua ya masika inakunyeshea si kazi ndogo. Kisha mzee mmoja, nahodha wa miaka mingi, akanyoosha mkono.

"Wanangu, hizo habari zinaruka kwenda wapi?"

"Shikamoo mzee. Zinakwenda kwenye seva, kompyuta ya kutunzia taarifa, ziko salama kabisa."

"Marahaba. Na hiyo seva iko kijiji gani? Siku nikitaka kuviona viota vya mwaka huu, nimwendee nani?"

Kijana alisema atauliza ofisini. Kikao kikaahirishwa, na swali la mzee limenikosesha usingizi mpaka nimekaa kuandika barua hii.

Asiyewahi kumwona kasa akitaga aniruhusu nimweleze, asije akadhani tunagombania namba tu. Kisiwa cha Maziwe, kilomita chache kutoka mdomo wa mto Pangani, zamani kilikuwa na mivinje na kasa walikipenda kuliko pengine popote karibu yetu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Leo limebaki fungu la mchanga ambalo maji ya bamvua, yaani yanapojaa kupita kawaida, hulifunika lote. Kasa bado wanapanda pale pale, na mayai yao yakiachwa yanafia majini. Ndiyo maana huhamishwa kwa boti hadi ufukwe wa Ushongo.

Usiku mmoja nililala kifudifudi nyuma ya kasa mmoja, na taa nyekundu nimeiziba kwa kiganja. Anachimba kwa mapezi ya nyuma: la kulia linachota mchanga na kuumwaga kando, la kushoto linasubiri zamu yake. Hana haraka. Shimo lilipokamilika lilikuwa kama mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana, kina chake kinameza mkono wangu hadi juu ya kiwiko. Mayai yakaanza kudondoka, mawili, matatu, meupe yenye ute, ganda laini linalobonyea yakigongana. Nilihesabu 118. Macho yalikuwa yanamtiririka. Wataalamu wanasema ni chumvi anayoitoa mwilini, na najua ni kweli, lakini mimi niliyekuwa pale nilishindwa kuzuia machozi yangu. Tuliyapanga kwenye ndoo yenye mchanga wake bila kuyageuza, kwa sababu saa chache baada ya kutagwa kijusi hushika kwenye ganda, na ukiligeuza yai unamuua. Siku 57 baadaye mchanga wa Ushongo ulititia kidogo kama majivu ya jiko, kisha ukaanza kuchemka vichwa vyeusi.

Yote hayo yamo kwenye kauntabuku: tarehe, saa, upana wa alama za mwili wake mchangani, idadi ya mayai, waliotoka hai, na nani alishika taa.

Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo walivyosema wahenga, na sisi tumeyaonja. Miaka kadhaa iliyopita tulishawishiwa kutumia programu ya bure ya kampuni moja ya nje. Tuliingiza viota vya misimu miwili. Siku moja ukaja ujumbe wa Kiingereza kwamba huduma inafungwa na anayetaka taarifa zake azichukue ndani ya mwezi. Simu iliyopokea ujumbe ilikuwa ya kijana aliyekwisha kuhamia Dar es Salaam. Tulipojua, hakukuwa na cha kuchukua. Viota tulivyoviandika pia kwa kalamu tunavyo mpaka leo. Vilivyobaki vimekwenda, na kasa wale hawawezi kurudi nyuma watage tena ili tuwahesabu.

Kasa mwenyewe hatagi mayai yake yote kwenye shimo moja. Ndani ya msimu mmoja hupanda pwani mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi, anachimba hapa, anachimba pale. Kenge akifukua kiota kimoja, kipo kingine. Iweje basi kumbukumbu zake tuzimwage zote kwenye shimo moja, tena lililoko nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyefika?

Wasomaji wako watakumbuka Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikaanguka nchini kote. Siku ile asiyeifikia seva ya mbali hakuweza kusoma hata alichokiandika mwenyewe jana yake. Kauntabuku zetu zilifunguka kama kawaida.

Sisemi turudi kwenye kalamu peke yake. Ninachosema ni kwamba ipo teknolojia ya namna nyingine, isiyo na mwenye mmoja, na imekwisha kufanya kazi. ODK, programu ya kukusanya taarifa kwa simu iliyozaliwa mikononi mwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha. Fomu inajazwa bila intaneti, na anayetaka kuweka seva yake mwenyewe hazuiwi na mtu. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, inachorwa na watu wa kawaida duniani kote na yeyote anaruhusiwa kuipakua. Hapa hapa kwetu, mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa na mitaro ya maeneo yanayofurika. Ziko pia programu huria, kama Syncthing, zinazowezesha vifaa viwili kupeana nakala moja kwa moja vikiwa kwenye mtandao mmoja wa ndani, bila kupitia kwa tajiri wa katikati. Vijiji vitatu vya pwani vikikutana mara moja kwa mwezi, kila kimoja kitaondoka na nakala kamili ya vyote vitatu. Kimoja kikiibiwa kompyuta, viwili vinayo.

Lakini kuna neno jingine, nalo kwangu ni zito kuliko kupotea kwa namba. Si kila kitu cha porini kinafaa kujulikana kilipo. Msimu mmoja mgeni alipiga picha kiota chetu, akaituma mtandaoni akiwa na nia njema kabisa, na mahali penyewe pakaonekana wazi kwenye ramani. Siku ya tatu tulikuta shimo tupu na maganda mawili yaliyopasuka. Hayakuwa meno ya kenge, ulikuwa mkono wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwananchi. Kasa hana anwani anayoweza kuidai ifutwe, kwa hiyo sisi ndio wa kumsemea. iNaturalist, tovuti ya kuweka picha na kumbukumbu za viumbe inayotumiwa na wengi duniani, huficha yenyewe mahali halisi pa viumbe walio hatarini na kuonyesha eneo pana tu. Kama wao wameweza, mradi unaokuja kwetu hauna sababu ya kushindwa.

Tunaye jirani mwingine wa kutukumbusha hilo. Silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, alidhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga, katika miaka ya 2000, wavuvi walianza kumtoa kwenye majarife ya kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Watafiti wa Ufaransa waliosoma magamba yake walieleza mwaka 2021 kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100. Aliishi muda wote huo chini ya madau yetu kwa sababu hakuna aliyekuwa na ramani ya mlango wake.

Kwa hiyo ninawaomba wenye mradi, pamoja na halmashauri itakayotia sahihi, wasituletee simu kabla ya mkataba. Uandikwe kwa Kiswahili. Useme kumbukumbu ni za kijiji, na kijiji kinaweza kuzitoa zote siku yoyote katika faili linalofunguka kwenye kompyuta ya kawaida. Programu iwe huria, ili mradi ukiisha vijana wetu waendelee nayo. Mahali pa viota pajulikane kwa walinzi na wataalamu tuliowakubali wenyewe, wala pasionekane na umma mpaka watoto wa kasa wawe wamekwisha kuingia baharini. Hayo yakikubaliwa, nitakuwa wa kwanza kupokea simu na kuwafundisha wenzangu.

Kikao kinarudi Jumamosi, maji yakiwa mafu. Mzee nahodha ameniambia atakaa mstari wa mbele. Mimi nitakwenda na kauntabuku zetu zote saba, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni zisilowe.

Wako katika ulinzi wa bahari,
Mlinzi wa viota vya kasa,
Pangani, Tanga